Robo Fainali Tuliyopewa na Matope

Mwaka ule timu yetu ya Mtwara ilipofika robo fainali ya kombe la taifa, wanaume wazima wenye wake na watoto walitembea mjini vifua mbele kama watu waliorudi vitani na ushindi. Mimi nilikuwa mke wa golikipa. Mambo mengi niliyaona kwa karibu, mengine nikiwa nakoroga sufuria, na sijawahi kuona watu wazima wengi namna ile wakiwa wajinga kwa pamoja.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulikuwa tumepanga Magomeni ya hapohapo Mtwara, na mume wangu alikuwa kuli bandarini. Msimu wa korosho alikuwa akibeba magunia tangu asubuhi, jioni anakunywa maji, anavua kandambili, anakwenda mazoezini. Alikuwa na viganja vipana ajabu. Mpira wa juu ukitua humo ulinyamaza. Hilo nalisema kwa haki, maana katika timu nzima, pamoja na viongozi wake, ndicho kitu pekee kilichokuwa na thamani.

Kombe lenyewe lilikuwa la mtoano. Ukifungwa mara moja umekwisha, unarudi kwenu. Mechi ya kwanza tulicheza na majirani zetu wa Lindi, dakika zote zikaisha hakuna aliyeona lango la mwenzake, tukaenda kwenye penalti. Mume wangu akadaka mbili. Tukapita. Hiyo ndiyo mechi pekee tuliyoshinda kwa miguu na mikono ya watu.

Mechi ya pili walikuwa waje vijana wa Songea. Mvua zilikuwa zimeshika, na waliowahi kupita njia ya Tunduru wakati ule wa masika wanajua ninachosema. Lori lao lilizama kwenye matope, likakaa huko. Siku ya mechi timu yetu ikaingia uwanjani peke yake, ikasimama kwenye mvua, mwamuzi akatazama saa yake hadi muda ulipotimia, akapuliza filimbi. Tukapewa ushindi wa mezani. Mechi ya tatu ikawa vilevile. Wapinzani walikuwa wanatoka upande wa Morogoro, wakakwama ng'ambo ya Rufiji, kivuko hakivuki. Filimbi ikapulizwa tena, na safari hii watu waliingia uwanjani wakawabeba wachezaji juujuu. Waliwabeba watu ambao hata jasho hawakutoka.

Mwenyekiti wa timu alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, mtu wa shati jeupe na kalamu tatu mfukoni, ambaye sidhani kama aliwahi kupiga mpira hata wa makaratasi. Alisimama juu ya kiti mbele ya watu akasema, "Mbinu zetu zimewatisha. Wameogopa kuja Mtwara!"

Watu wakashangilia. Nilimtazama mume wangu nikidhani atacheka. Alikuwa anapiga makofi.

Basi tukawa tumefika robo fainali, na tukapangiwa timu kubwa ya Dar es Salaam, moja ya zile ambazo nchi nzima inazigawana. Hao matope hayakuwahusu. Wangekuja kwa ndege.

Viongozi wakapata wazimu. Waliwaweka wachezaji kambini kwenye nyumba moja ya Ufukoni, wakatangaza kwamba mwanamke haruhusiwi kuonana na mchezaji, ni nuksi. Kupika haikuwa nuksi. Kufua jezi haikuwa nuksi. Nilikuwa nabeba masufuria ya ugali na samaki hadi mlango wa uani, naweka chini, nagonga, kisha natakiwa nigeuke nisionekane. Mwenyekiti alikuwa akija kila siku wakati wa chakula, akila kuliko mabeki wote.

Halafu wakaunda kitu walichokiita kamati ya ufundi. Asiyejua mpira wetu atadhani ni watu wa kupanga nani acheze wapi. Kamati ya ufundi ni kamati ya uganga. Wakasema wamemleta fundi mkubwa kutoka ng'ambo ya mto, Msumbiji, ambaye akitia mkono wake, lango halipitiki. Nilimwona siku aliyofika, amevaa kanzu nyeusi na shanga, anatembea taratibu kama ana kidonda. Nikamjua palepale. Alikuwa fundi kweli, fundi baiskeli wa Mikindani. Aliwahi kuniwekea kiraka gurudumu la nyuma, na kiraka chenyewe kilibanduka kabla sijafika nyumbani.

Jioni ile nikavunja amri, nikamwita mume wangu dirishani.

"Baba watoto, yule mganga wenu si yule fundi baiskeli wa Mikindani?"

"Nyamaza," akaninong'oneza. "Wakikusikia watasema unavunja dawa."

"Dawa gani? Nimemwona kwa macho yangu, na baiskeli aliyoiharibu ni yangu."

"Wakubwa wanajua wanachofanya," akasema, akafunga dirisha.

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Gunia la korosho analiweka begani bila kuguna, lakini mtu mwenye kalamu mfukoni akimwambia jua linatokea magharibi, anageuza kiti.

Wageni walipotua, nusu ya mji ilikwenda uwanja wa ndege kuwapokea. Si kuwazomea, kuwapokea! Watu wa kwetu, waliozaliwa na kukulia Mtwara, walivaa rangi za timu ya Dar es Salaam, wakapiga ngoma na kukimbia nyuma ya basi lao wakigusa vioo. Wale wachezaji hata pazia hawakufunua.

Siku ya mechi nilikuwa kwenye foleni ya tiketi. Geti la wachezaji lilikuwa wazi, na wageni wakapita hapo wakitafuna jojo na kupiga soga. Kisha wakaja wetu na kamati yao yote, wakalipita geti bila kuingia, wakazunguka hadi nyuma ya uwanja, upande ule ule nilikokuwa nimesimama. Fundi alikuwa amesema ukipita getini umekwisha, ni lazima waruke ukuta. Na ule ukuta juu yake ulikuwa umepandwa vipande vya chupa kwenye saruji, kuzuia watoto wanaoingia bila tiketi.

Nikatoka kwenye foleni.

"Geti liko wazi," nikawaambia. "Mnaruka chupa za nini?"

"Shemeji, usituletee mkosi hapa," mwenyekiti akanijibu. "Geti lina mambo. Wewe huoni, sisi tunaona."

Walitandika gunia juu ya chupa, wakaanza kuruka mmoja mmoja. Mume wangu alikuwa mzito kuliko wote. Alipojivuta juu, gunia likateleza, na kiganja chake cha kulia kikashuka kwenye chupa na uzito wake wote. Nilisikia akivuta pumzi tu. Damu ilishuka ukutani hadi chini, na kipande cha nyama chini ya kidole gumba kilikuwa kimefunguka kama mdomo.

Mwenyekiti akamtazama fundi. Fundi baiskeli akafumba macho, akasema, "Njema hiyo. Kafara imepokelewa."

"Kafara ya baba yako!" nikamwambia. "Mpelekeni hospitali. Mwingizeni yule kipa mwingine."

"Haiwezekani," mwenyekiti akasema. "Fundi ameshamtaja huyu kwenye dawa. Habadilishwi."

Wakamshusha, wakamfunga kiganja kwa kitambaa, wakamvalisha glovu juu yake. Nilimwita kwa jina lake, jambo ambalo silifanyi mbele za watu. Akageuka, akaniambia, "Ni mkwaruzo tu, mama watoto," akapanda tena, akaruka upande wa pili.

Nikakata tiketi, nikaingia. Mpira wa kwanza kuja langoni ulikuwa wa kitoto. Mtu aliupiga kutoka mbali, ukadunda, ukamfuata mikononi. Aliushika, ukamponyoka ukaingia wavuni polepole. Walifunga manne. Kila bao lilipoingia, watu walionizunguka waliruka na kukumbatiana. Karibu yangu alikuwepo jirani yetu wa Magomeni, tunayechota naye maji kisima kimoja, anachezesha mabega.

"Mzee, wanaofungwa ni wetu," nikamwambia.

"Timu yetu ni ile," akasema, akinionyesha wageni kwa kidole. "Hii ni ya mkoa tu."

Nikageukia lango letu. Mtu wa hivyo unamjibu nini?

Mechi ilipokwisha mimi ndiye niliyempeleka hospitali. Hakuna hata kiongozi mmoja aliyefuata. Wakati daktari anamshona, mwenyekiti alikuwa mbele ya mwandishi wa redio akisema kuna mchezaji aliyewaangusha kwa makusudi na kamati inamchunguza. Jina hakulitaja, lakini mabao yalipita kwa nani?

Kesho yake mchana wakaja vijana barabarani kwetu, wamelewa hasira, wanapiga bati letu mawe na kuimba kwamba kipa amenunuliwa. Wengine bado walikuwa wamevaa fulana za timu ya Dar es Salaam. Walishangilia bao jana, leo wanadai wamesalitiwa. Mume wangu alikaa kitandani ameinamisha kichwa. Nikamshika mkono ule mbovu, nikamtoa hadi barazani, nikaanza kumfungua bendeji mbele yao, mzunguko mmoja mmoja, mpaka nyuzi zikaonekana na kiganja kilichovimba kama andazi.

"Sogeeni," nikawaambia. "Njooni muone alichonunuliwa nacho."

Hakuna aliyesogea. Wa mbele alidondosha jiwe lake pembeni, akajifuta mkono kwenye suruali kana kwamba hakuwahi kulishika. Wakaondoka bila kuniomba radhi, na sikuitaka radhi yao.

Kidole gumba hakikurudi kukunjika. Kuli asiyeweza kushika pembe ya gunia si kuli, kwa hiyo bandarini wakamwacha, tukahamia kijijini kwao, karibu na Ruvuma, tukalima mihogo na kuhudumia mikorosho ya baba yake. Kwa muda mrefu hakutaka hata kusikia redio ikitangaza mpira.

Miaka ikapita, tukaingia elfu mbili na kitu, na wakati wa uchaguzi gari lenye bendera likasimama uani kwetu. Akashuka mwenyekiti. Alikuwa amenenepa, na sasa alikuwa anagombea.

"Shemeji, hujambo? Nimekuja kumchukua shujaa wetu wa robo fainali," akasema. "Asimame nami jukwaani, watu wamwone."

"Shujaa?" nikamwuliza. "Si ndiye aliyewaangusha kwa makusudi?"

Akacheka, akapunga mkono kama anafukuza nzi. "Ah, shemeji, hayo yalikuwa maneno ya mpira."

Nilimgeukia mume wangu ili amfukuze yeye mwenyewe, maana haki hiyo ilikuwa yake. Hakuwepo barazani. Alikuwa ndani, anatafuta shati lake la sikukuu.

Akaenda. Mimi sikwenda, lakini walioenda walinisimulia. Mwenyekiti alimpandisha jukwaani, akauinua ule mkono wenye kovu, akauambia umati kwamba kidole kile kilivunjika akidaka penalti dhidi ya miamba wa Dar es Salaam. Penalti haikuwepo siku ile. Watu wakapiga vigelegele.

Aliporudi nilikuwa nimemtengea chakula.

"Amesema uongo, nawe umesimama tu?" nikamwuliza.

Akanawa mkono mmoja, akakaa mkekani. "Walipiga makofi, mama watoto," akasema. "Watu wote wale. Walisimama kabisa."

Akaanza kula. Nikamtazama, mtu mzima, mwenye nguvu za kubeba mlango wa nyumba, anatabasamu kwenye sahani kwa sababu ya makofi aliyogawiwa na mwongo. Nikamwongezea mchuzi.