Kijiti cha Oili na Chaki Yangu

Kati ya vipimo vyote nilivyowahi kushika, na mimi ni mwalimu, nimeshika vingi, hakuna kilichonidharau kama kijiti cha oili cha pikapu yetu. Rula ina adabu. Kipimajoto kina adabu. Ukikigeuza kwenye mwanga kinakwambia ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni homa. Mizani ya mnadani inawaibia wakulima, lakini angalau ina mshale. Kile kijiti kilikuwa bati jembamba lililopinda, lenye mikwaruzo miwili mwishoni ambayo tuliambiwa ni alama, moja ya chini na moja ya juu, na kati ya mikwaruzo hiyo miwili ndipo ilipokaa riziki ya nyumba yangu.

Pikapu tuliinunua wakati mashirika ya umma yanafungwa moja baada ya jingine. Mume wangu alikuwa dereva wa shirika mojawapo mjini Singida kwa miaka ishirini na ushee. Siku walipowakusanya na kuwaambia kwamba shirika limepata mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya hahitaji madereva, alirudi nyumbani Ikungi na barua mfukoni, akakaa kwenye kiti mchana kutwa bila kuvua viatu. Jioni akaniambia, "Mimi kuitwaitwa, basi." Alikuwa amechoka kupigiwa kelele leta gari, mpeleke mama sokoni, subiri hapo hapo juani. Kiinua mgongo kingenunua gari lake mwenyewe, la kubeba alizeti na vitunguu, na hakuna mtu angemwita tena kama anavyoitwa mbwa. Nilimwelewa. Nikauza ng'ombe wangu wawili nikaongezea.

Siku zile kila kitu kilikuwa ruksa. Mashati ya mitumba yalikuja kwa marobota, na magari yakaja vivyo hivyo, yamechoshwa na watu tusiowajua katika nchi tusizozijua, kisha yakapakwa rangi ili sisi tuone ni mapya. Yule aliyetuuzia Dar es Salaam alikuwa amepaka hadi matairi. Mume wangu alipozungusha ufunguo, taa ya oili, ambayo kwenye gari zima huwaka kwanza kisha ikazima, haikuwaka kabisa. Akauliza mbona haiwaki. "Hiyo ni dalili ya uzima, mzee," muuzaji akajibu, huku akiniangalia mimi, maana alishajua nani mjinga zaidi. Na mimi, mwenye cheti cha ualimu, nikatikisa kichwa kama niliyeelewa. Balbu walikuwa wameichomoa. Tuliuziwa mbuzi kwenye gunia, tena gunia lenyewe tulilipigia makofi.

Kwa kuwa taa haikusema, ilibidi kijiti kiseme. Kila asubuhi kabla sijaenda shule, mume wangu alifungua boneti, akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Kisha alikisogeza mbali na uso mpaka mkono ukaisha. Macho yake yaliona ng'ombe barabarani kabla ya mtu yeyote, lakini kitu cha karibu hakukiona tena, na miwani alisema ni ya makarani. Basi alinipa mimi. "Mwalimu, hebu niangalizie."

Nikaangalia nini? Oili mpya haina rangi. Inang'aa juu ya bati linalong'aa, na jua la Ikungi linang'aa juu ya vyote viwili. Upande mmoja wa kijiti unasema imejaa, ukikigeuza upande wa pili unasema nusu. Kikigusa ukuta wa bomba lake wakati wa kutoka, kinajipaka mpaka juu, na hapo kinasema gari lina oili ya kuoga. Unafuta, unarudia. Mara ya pili kinasema jambo jingine. Mwanafunzi akinijibu hivyo, majibu matatu kwa swali moja, namweka nje ya darasa.

Na wanaume! Boneti ikifunguliwa Ikungi, wanaume wanatoka hata kwenye mashimo. Jirani mmoja aliyewahi kuwa utingo wa lori miezi minne ndiye alikuwa profesa wao. Alinusa kijiti. Nasema alikinusa, kama anayenusa maziwa kuona kama yameharibika, kisha akatangaza kwamba oili bado ipo. Mwingine alisema ipimwe injini ikiwa ya moto, mwingine ikiwa ya baridi, na wa tatu, aliyekuja na baiskeli isiyo na breki, alishauri tuchanganye na oili chafu kidogo ili ionekane vizuri. Wakajadiliana kwa Kinyaturu, wakatingisha vichwa. Hakuna hata mmoja aliyekubali kwamba haoni kitu. Mwanaume yuko tayari kuua injini kuliko kusema sijui.

Wiki ya tatu nikaamua kuwaonyesha. Nilitoa chaki kwenye pochi yangu, nikasubiri gari lisimame usiku kucha mahali tambarare, nikafuta kijiti mpaka kikakauka, nikasugua chaki kwenye ile ncha yenye alama. Nikakichovya taratibu, nikakitoa bila kugusa ukuta wa bomba. Palipolowa pakawa na rangi ya ugoro, pasipolowa pakabaki peupe. Mstari ulionekana wazi kama mstari wa daftari, nao ulikuwa juu kabisa, kwenye alama ya kujaa. Profesa wa utingo alisema chaki itaingia kwenye injini. Nikamuuliza, "Na vumbi la Ikungi halijaingia?" Watu wakacheka, akaenda zake.

Toka siku hiyo nikawa na kiburi, na sifichi. Nilitembea na chaki kama askari anavyotembea na kirungu. Mume wangu akichomoa kijiti, mimi napaka, nachovya, nasoma, natoa hukumu. Imejaa. Imejaa. Imepungua kidogo, ongeza kikombe. Nilijisikia mtu pekee mwenye akili kati ya Singida na Dodoma.

Lakini mume wangu alikuwa na wasiwasi. Tulipomwaga oili ya zamani na kuweka mpya, fundi alimimina na mimi nikapima kwa chaki yangu, nikamwambia asimame, imejaa. Kwenye galoni la lita tano ikabaki oili nyingi, karibu theluthi. Mume wangu alilitikisa lile galoni, akasikiliza. "Mwalimu, hizi injini nimeziendesha miaka yote," akasema. "Zinakula galoni zima na zinataka nyongeza. Hii imeshibaje na nusu chakula?"

"Kila mtu na tumbo lake," nikamjibu.

"Injini si mtu."

"Ndiyo maana haidanganyi. Mstari huu hapa. Au chaki nayo inakudanganya?"

Hakuwa mtu wa mabishano. Akafunga galoni, akaliweka nyuma ya kiti, na tukaanza kusafiri nalo kila mahali. Mara mbili zaidi aliniambia kwamba injini inasikika kavu. Neno lake lilikuwa hilo, kavu. Nikamwambia injini inapimwa kwa macho, haipimwi kwa masikio, na kama anataka kusikiliza kitu asikilize redio.

Likizo ya mwezi wa sita tulikwenda Shelui kuchukua mpunga. Shelui ni chini, mahali malori yanapolala. Kutoka pale kurudi kwetu unaupanda mlima wa Sekenke, na mlima ule hauna mzaha na gari lililobeba. Tulipakia magunia mpaka springi zikalala. Mume wangu akazima injini, akasubiri, akafungua boneti. Akatoa lile galoni nyuma ya kiti.

"Namimina yote kabla ya mlima," akasema. Hakuniuliza. Alikuwa ananiarifu.

Wanaume wa Shelui nao wakasogea, wapakiaji na madereva wa malori, maana nao ni wanaume. Nilishaona macho yao. Nikachomoa kijiti mimi mwenyewe, nikakipaka chaki, nikachovya, nikakiinua juu ili kila mtu akione. Mstari ulikuwa kwenye alama ya kujaa.

"Imejaa," nikasema. "Ukizidisha utapasua sili, oili ivuje, mpunga wetu ulale hapa."

"Mwalimu, niachie leo. Nimeisikia injini tangu tunapita Iguguno tukija."

"Umeisikia! Wewe kijiti chenyewe huoni, utaniambia nini? Asiyeona anamfundisha anayeona?"

Walicheka. Si kicheko kikubwa, ila kilitosha. Mume wangu alisimama na galoni mkononi, kifuniko ameshakifungua. Akakirudisha kifuniko, akakikaza polepole, akaliweka galoni ndani, chini, karibu na miguu yangu. Kisha akaingia akawasha gari.

Kona ya kwanza tulipanda vizuri. Ya pili pia. Kabla hatujamaliza ya tatu, chini ya boneti pakaanza kugongwa, kama mtu aliyefungiwa ndani na nyundo. Mume wangu akazima injini papo hapo, lakini ilikuwa imekwisha. Alijua, na mimi nilijua kwa kumwangalia uso. Tukaweka mawe kwenye matairi. Lile galoni lilikuwa limeangukia kwenye viatu vyangu, oili inachezacheza ndani, na nilishindwa kuliangalia.

Pikapu ilivutwa hadi mjini Singida. Fundi aliyeifungua alikuwa mtu wa maneno machache, na machache yenyewe ya karaha. Alitoa beringi zilizosagika, akazimwaga kwenye karai. Akauliza tulikuwa tunapimaje oili. Nikamweleza, na Mungu anisamehe, nikamweleza kwa majivuno, hadi chaki. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaenda kwenye rundo la vyuma nyuma ya gereji, akachomoa kijiti kwenye injini nyingine iliyokufa, ya aina ile ile, akaja akakiweka juu ya meza sambamba na cha kwetu.

Cha kwetu kilikuwa kirefu zaidi kwa kipande cha kidole. Hakikuwa cha injini ile. Kijiti halisi cha injini yetu kilipotea huko gari lilikotoka, kwa wazungu au kwa Wajapani au palepale bandarini, na mtu akachomeka cha gari jingine kwa sababu kiliingia. Kwa kuwa kilikuwa kirefu, kilizama chini zaidi, na oili kidogo ilikifikia kwenye alama ya kujaa. Kila siku tuliyosema imejaa, injini ilikuwa na njaa.

"Umesoma vizuri sana, mama," fundi akasema. "Umesoma kijiti cha watu wengine."

Nimewadharau watu wengi maishani. Nimemdharau aliyechomoa balbu, aliyechomeka kijiti, profesa wa utingo na pua yake. Lakini hao walikuwa wajinga wa kawaida, na ujinga wa kawaida ungeokolewa na theluthi ya galoni. Mimi ndiye niliyeuzuia mkono uliokuwa tayari unamimina. Hata yule wa baiskeli isiyo na breki asingefanya hivyo.

Mume wangu hakusema, "Nilikuambia." Nilimngoja aseme wiki nzima, nikiwa nimejiandaa kulia. Injini nyingine hatukuweza kununua. Pikapu ikauzwa vipande vipande, milango kwa huyu, magurudumu kwa yule. Mwezi wa nane akafunga nguo zake, akaenda Shelui kutafuta lori la kuendesha. Mpaka leo sijamwomba radhi. Kila nikitaka kuanza, naona anavyokikaza kile kifuniko, nafunga mdomo.

Likizo iliyofuata nikampelekea blanketi. Nikamkuta anafunga turubai juu ya lori, na tajiri wa lori amesimama kando. Tajiri huyo aliponiona alikuja mbio. Nilikuwa nimemfundisha mimi mwenyewe, darasa la tatu na la nne, na sasa alikuwa mtu mzima, na tumbo la biashara limeshaanza.

"Shikamoo mwalimu!" Akanipokea mfuko kwa mikono miwili. "Bila wewe mwalimu nisingejua hata kuandika jina langu."

Hakujua huyu dereva ni nani kwangu. Aligeuka tu akapaza sauti kuelekea juu ya lori.

"We dereva! Utafunga hilo turubai mpaka kesho? Oili umecheki?"

"Nimecheki, bosi," mume wangu akajibu, na akateremka haraka, yeye mtu wa umri wa baba wa kijana yule.

Alituona tumesimama pamoja, akaelewa, akainamisha macho asinitie aibu. Adabu ya shikamoo nilimfundisha yule kijana mimi, kwa fimbo na kwa maneno, na neno langu moja tu pale lingemkalisha chini. Lakini lori lilikuwa lake na kibarua kilikuwa chetu. Nikaitikia marahaba, nikampa blanketi ampelekee dereva wake. Kwenye uwanja ule ule niliwahi kumkemea mume wangu watu wakasikia. Huyu sikuthubutu kumkemea.