Mipeasi Mitatu ya Utepe wa Bluu

Hedwiga wa Mkumbi alikuwa na mipeasi tisa nyuma ya nyumba. Utitiri ulikuwa umefyonza majani mpaka yakageuka kahawia, na Festo, mwanawe, alishasema wazi: mwaka huu isipozaa anaikata, anapanda kahawa.

Ndipo akaja Careen, bibi shamba aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba, akaiomba mipeasi hiyo kwa kujaribia dawa mbili. Mitatu akaifunga utepe mwekundu, mitatu mweupe, akaipiga dawa kwa bomba la mgongoni. Iliyobaki akaifunga utepe wa bluu.

"Hii tusiiguse, mama. Ndiyo ya kulinganishia."

"Sawa, mwanangu."

Lakini kila akienda kisimani Hedwiga aliipita ile ya bluu, ikamtia aibu, kama watoto walionyimwa chakula wenzao wakila. Siku ya nne alitwanga majani ya utupa, akayaloweka kwenye ndoo, akainyunyizia kwa ufagio.

Baada ya wiki mbili Careen alirudi. Aligeuza jani moja moja, akahesabu utitiri kwa kioo cha kukuzia. Akahesabu tena.

"Umepungua kote, hata kwenye hii isiyopigwa kitu. Basi ni mvua ya wiki hizi, si dawa zangu. Nitaandika hazifai, jaribio liishe."

Festo alikuwa ameegemea mlango. "Kwa hiyo ninoe shoka?"

Hedwiga akatazama chini. "Usiandike, mwanangu. Ya bluu niliipa utupa."

"Ule wa kulevya samaki?"

"Huohuo."

"Mama, ungekuwa ziwani wangekukamata," Festo akasema.

Careen hakucheka. Alipiga mstari ukurasa mzima wa daftari lake.

"Majani kiasi gani?"

"Konzi tatu kwa ndoo."

"Konzi za nani?"

"Zangu." Akanyoosha kiganja.

Careen alikitazama kile kiganja, akafungua ukurasa mpya. "Tutayapima kwa mizani. Utupa nao upate utepe wake. Festo, shoka lisubiri mavuno. Ila mama, lazima mti mmoja ubaki bila kitu, na huo utauchagua wewe."

Hedwiga alizunguka mipeasi mara mbili, utepe mkononi. Mwishowe akaufunga kwenye mti wa njia ya kisimani.

Tangu siku hiyo huenda kuchota maji kwa kupitia uani kwa jirani yake Vitalia. Ni mbali zaidi, na ndoo ni nzito.