Fundi wa Ukumbini Aliyenikatalia Ukulima

Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu tu, kule kwetu Fizi. Mtu wa darasa la tatu hana akili ya kutunga jambo kama hili, kwa hiyo usinisumbue kuniuliza kama ni kweli. Lilinipata mchana, jua linawaka, hapa hapa Toronto.

Kwanza mjue Zakaria Mulonda. Namtaja, na akitaka aje. Kwenye kambi ya wakimbizi ndiye alikuwa mkalimani wetu. Mimi nilikuwa seremala, mwana wa seremala, na nusu ya kambi ililala juu ya vitanda vyangu. Zakaria alitaka nimchongee kitanda cha harusi haraka. Nikamwambia angoje, nina jeneza la mtoto wa jirani. Akaninunia. Siku ya usaili wa kuletwa huku nikaulizwa kazi, nikasema seremala, yeye akatafsiri mkulima. Nilikuja kujua faili liliposomwa tena, na hapo umeshachelewa. Ukibadilisha neno moja wanasema unadanganya, faili linawekwa pembeni, watoto wanabaki kwenye vumbi. Nani kati yetu hajui hilo? Basi nikawa mkulima.

Miaka kumi na miwili hapa nimejibu hivyo, hata kwa watoto wangu, maana mtoto akiulizwa shuleni husema anachojua. Kwenye ghala la Downsview nilipakia maboksi. Msimamizi wetu, Gaspard Nzeyi, wa kwetu kabisa, aliniita "Mzee Jembe" mbele ya watu. Nami nilicheka naye. Ndiyo, nilicheka.

Jumamosi moja binti yangu Neema, anayesoma chuo kikuu, alinipeleka mji wa zamani, siku ile wanafungua majengo ya kale bure. Tukaingia ukumbi wa mafundi. Waliujenga maseremala waliotoka Ulaya, wakiiga kumbi za miji yao, na mtu hakupokelewa humo mpaka achonge kazi moja mbele ya wakubwa. Hayo aliyaeleza mwongozaji. Mimi nilikuwa nimeinua macho darini. Niamini, machozi yalinitoka. Mihimili minene namna ile, na msumari hakuna! Ulimi wa mbao ndani ya tundu la mbao, ulimi na tundu, mpaka juu. Kazi ile naijua.

Kundi lilipanda ghorofani, mimi nikabaki. Mlango wa pembeni ulikuwa wazi. Ndani, mzee wa Kizungu mwenye aproni ya ngozi alikuwa anapiga randa. Unajua kilichonishtua? Randa haikuwa na sauti. Maranda yanaanguka, harufu ya mbao naisikia, lakini kimya, kama mtu anayeranda maji.

Akaniuliza bila kuinua kichwa, kwa Kiswahili cha Fizi, "Wewe ni fundi wa nini?"

Ulimi ulishazoea. "Mimi ni mkulima, mzee."

"Mkulima! Hebu leta mkono." Akanishika gumba. Vidole vyake vilikuwa baridi kama chuma cha Januari. "Jembe gani linaotesha sugu hapa pembeni? Hapa pamekaa patasi. Nakuuliza tena."

"Mkulima."

Mlango ukajifunga nyuma yangu. Nilimsikia Neema akiita "Papa! Papa!" kwa mbali sana, kama yuko ng'ambo ya ziwa.

"Mkulima hana kazi humu," mzee akasema, "na mwongo hatoki. Mara ya mwisho."

Jamani, sikiliza aibu yangu: hata hapo nilikuwa naliogopa faili kuliko mzimu! Nikamwona moyoni Zakaria na kalamu yake. Hasira ikanipanda. Nikasema, "Mimi ni seremala."

"Hayo ni maneno tu." Akanisukumia vipande viwili vya mbao na patasi.

Nikachonga. Mikono haikusahau kitu. Nikatoa ulimi, nikatoboa tundu, nikavipachika bila gundi. Akavuta kwa nguvu zake zote za kaburini. Havikuachia. Akaniambia, "Umechelewa tu, kijana."

Mara mlinzi yuko mbele yangu, funguo mkononi, anauliza nimeingiaje kwenye chumba chenye kufuli. Nikageuka. Vumbi la miaka juu ya meza, patasi zote zimefungiwa ndani ya kioo, mzee hayupo. Lakini maranda yalikuwa kichwani kwangu, na ile kazi mkononi.

Neema, aliyekuja na mlinzi, na ambaye hunijibu Kiingereza siku zote, akauliza kwa Kiswahili, "Papa, ni wewe umefanya hii?"

"Ni mimi. Mimi ni seremala." Sauti yangu ikagonga mihimili ikarudi.

Tangu siku ile gumba langu la kulia halijapata joto, hata Julai. Daktari ameshindwa. Na nikitaka kujiita mkulima mbele ya mtu, sauti inakatika. Gaspard aliponiita Mzee Jembe nilimpa zile mbao, nikamwambia azitenganishe. Alivuta mbele ya ghala zima mpaka jasho likamtoka. Ijumaa ile niliacha kazi. Leo mimbari ya kanisa letu nimeichonga mimi. Njoo utafute msumari.

Nawe uliyeandikwa na akina Zakaria, mwalimu ukaitwa mchuuzi, mkunga ukaitwa mama wa nyumbani, nakuonya: usiingie ukumbi wa mafundi na neno la faili mdomoni. Mimi aliniuliza mara tatu. Wewe sijui atakuuliza mara ngapi.