Mtu Aliyeganda Juu ya Mti

Nyumba ya Shangazi Doto, pale Mtendeni mjini Tabora, ilinukia dawa ya meno mchana kutwa. Mgeni aliyeingia mara ya kwanza angedhani kuna watoto wengi wanaopiga mswaki ndani, kumbe mtoto nilikuwa mimi peke yangu. Dawa ile Shangazi aliitumia kutibia DVD. Aliminya kidogo kwenye ncha ya kidole, akaipaka juu ya mkwaruzo, kisha akasugua taratibu kwa kipande cha flana, kutoka katikati kwenda ukingoni, uso ameukunja kama anayemwosha mtoto mchanga macho. Akimaliza aliiinua DVD dirishani, na rangi za upinde wa mvua zikakimbia ukutani, zikapita juu ya cherehani yake, juu ya sare za shule alizokuwa akishona, juu ya kalenda ya kanisa, zikanigusa na mimi usoni. Nilikuwa na miaka kama kumi hivi. Wazazi wangu walilima tumbaku Usinge, huko magharibi kwenye reli ya kwenda Kigoma, nami nilikuwa nimeletwa mjini kwa dada yake baba ili nisome.

Watu wa mtaa wetu walipenda filamu za mapigano zilizotafsiriwa, zile ambazo msimuliaji anapiga kelele juu ya sauti za waigizaji mpaka hujui nani anapigwa na nani anasimulia. Hizo zilionyeshwa kwenye banda la video la Sele, mbele kidogo ya nyumba yetu, na spika yake iliwekwa mlangoni ili hata asiyelipa asikie anachokosa. Shangazi hakuzitaka. Alitaka zile ambazo hakuna mwingine aliyezitaka. Wauza mitumba sokoni walikuwa wakikuta maboksi ya vitabu na DVD yamechanganywa na mizigo yao, nao walimwekea yeye. Walimu wa kigeni waliokuwa wakirudi kwao walimwachia. Hata abiria wa treni waliwahi kumletea. Lugha za kwenye makasha hakuzijua, na nyingi hazikuwa na makasha kabisa, kwa hiyo alizipa majina mwenyewe baada ya kuzitazama: Harusi Isiyo na Bwana Harusi, Mbwa wa Kituo cha Posta, Wanawake Wanaokunja Shuka. Alishona pazia kubwa la kaki lenye mifuko midogo midogo, akalitundika ukuta mzima, na ndani ya kila mfuko ikalala DVD yake. Aliniambia kwamba mji wetu tangu enzi za misafara umezoea kupokea vitu vya mbali, shanga, vitambaa na maneno, na kwamba hizi nazo zimefuata njia ileile.

Kila Jumapili tukitoka ibadani tulifunga mapazia, tukawasha ile TV ya chogo na deki iliyokuwa ikinguruma kabla ya kumeza, na nilichagua mfuko. Sijui niseme vipi nilichokuwa nikihisi. Nje kulikuwa na jua la kiangazi na vumbi jekundu la Tabora, na mle ndani palikuwa na bahari yenye barafu, au wanasesere wa mbao waliokuwa wakilia machozi ya kweli, au kipindi cha televisheni cha nchi fulani ambamo mzee mmoja alifundisha, kwa upole usio na mwisho, jinsi ya kukata mkate. Hatukuelewa hata neno moja. Shangazi hakujifanya anaelewa. Alisema tu, "Tulia, Vero, mtazame mikono," nami nilitazama mikono, na baada ya muda nilikuwa najua yule mtu ana huzuni, au ana njaa, au anampenda yule mwingine na hawezi kusema. Nilijiona kama niliyepewa ufunguo wa nyumba za watu duniani kote.

Mwaka ule Babu aliletwa mjini kutolewa mtoto wa jicho. Alikuwa baba mzazi wa Shangazi na wa baba yangu, mzee mrefu, mkavu, aliyekuwa mrina asali maarufu Usinge nzima. Nasema alikuwa, kwa sababu alikwishaacha. Shangazi Doto alizaliwa pacha, na pacha wake, Kulwa, ndiye aliyerithi kazi ile. Siku moja Babu alikuwa chini akimwelekeza, Kulwa juu akishusha mzinga, tawi likakatika. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Tangu siku hiyo Babu hakuingia msituni, mizinga yake ikaoza juu ya miti, na jina la Kulwa halikutamkwa nyumbani kwake. Haya nilisimuliwa na mama kwa kunong'ona. Shangazi mwenyewe hakuwahi kunisimulia. Alikuwa na jina linalomtaja nduguye kila anapoitwa, maana hakuna Doto asiyekuwa na Kulwa, na labda hilo lilimtosha.

Baada ya upasuaji daktari alimkataza Babu vumbi la shamba na kubeba vizito, akabaki nasi wiki kadhaa. Alikuwa akinitania kama babu wa Kinyamwezi anavyomtania mjukuu wake. Aliniita mke wake, akalalamika kwamba chai yangu ni ya kumfukuza mume. Lakini televisheni aliikataa. Alisema jicho alilopewa upya hataki kulichosha kwa mambo ya uongo. Tulipofunga mapazia, yeye alibeba kigoda akaenda kukaa uani kwenye kivuli cha ukuta.

Jumapili moja tuliweka DVD mpya, isiyo na kasha wala maandishi, ambayo Shangazi aliipata kwa muuza mitumba. Ilikuwa filamu ya rangi nyeusi na nyeupe. Palikuwa na theluji, miti mirefu iliyonyooka kama nguzo za simu, na watu wawili waliovaa kofia za manyoya, mmoja mzee, mmoja kijana. Halafu theluji ikaisha, majani yakaota, na sauti ikaanza kujaa chumbani, ndogo, nzito, ya kutetemesha. Mlango wa uani ukafunguliwa. Babu alisimama pale, mkono juu ya jicho kukinga mwanga.

"Nyuki," alisema. "Wako wapi?"

"Ni kwenye filamu, baba," alijibu Shangazi.

"Nimeuliza wako wapi, sikuuliza wako kwenye nini."

Aliingia, akaketi chini karibu kabisa na kioo. Wale watu walikuwa wamechonga mzinga ndani ya shina la mti ulio hai, juu sana, mahali ambapo hata ndege angefikiri mara mbili. Babu alicheka peke yake kwa furaha, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia. "Tazama, wana moshi kama sisi! Tazama anavyoupuliza! Wazungu hawa nani aliwafundisha?" Sikuwa nikitazama filamu tena, nilikuwa nikimtazama yeye. Kisha yule kijana akazungusha kamba pana ya kusuka kiunoni na kwenye shina, akaanza kupanda, na yule mzee akabaki chini ameinua uso. Kicheko cha Babu kikakatika. Kijana alipanda, akapanda, mpaka akawa mdogo kama mdudu. Mzee chini akapaza sauti kumwambia jambo.

Hapo picha ikaganda.

Deki ilikoroma, ikajaribu, ikakoroma tena. Kijana alibaki palepale, mguu mmoja hewani. Shangazi aliinuka haraka, nadhani alitaka kuzima kabla mambo hayajawa mabaya zaidi, lakini Babu alimshika sketi.

"Usizime. Ukizima, atabaki na nani huko juu?"

Ilizimwa hatimaye na umeme wenyewe, ulipokatika. Siku zilizofuata zilikuwa za ajabu. Shangazi aliisugua ile DVD mpaka dawa ya meno ikaisha. Akaiosha kwa maji ya vuguvugu, akaipangusa kwa khanga mpya. Kila ilipowekwa ilikwenda vizuri, theluji, majani, nyuki, kamba, na kila ilipofika pale iliganda. Na kila mara Babu alikuwa ameketi pale akingoja. Hakutania tena. Hakula vizuri. Alimtazama yule kijana wa nchi asiyoijua kwa namna ambayo iliniogopesha, na Shangazi alikaa nyuma yake na cherehani yake bila kushona.

Ndipo Shangazi alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alikwenda kwa Sele. Huyu Sele alikuwa amemcheka miaka yote kwa takataka zake, na yeye alikuwa amemjibu ipasavyo, lakini deki yake ilikuwa mpya na inasoma hata DVD iliyokanyagwa. Tulikwenda watatu mchana, Babu katikati, kofia kichwani. Banda lilijaa vijana waliongojea mapigano. Sele alimwamkia Babu, "Shikamoo, mzee," Babu akaitikia, "Marahaba," na Shangazi akaeleza kwa sauti ya chini. Sikusikia alisema nini. Niliona tu Sele anamtazama Babu, halafu anaipokea DVD kwa mikono miwili.

"Jamani," aliwaambia wateja wake, "kuna mtu amekwama juu ya mti. Tumshushe kwanza, halafu tuendelee."

Walizomea. Mmoja alipiga kelele, "Aah, Da Doto, tuwekee watu wanaopigana!" Theluji ilipotokea walizomea zaidi. Lakini banda lile lilikuwa na spika kubwa, na nyuki walipoanza, kelele zikapungua zenyewe. Wengi wa vijana wale walikuwa na baba au wajomba waliorina asali, Kaliua, Sikonge, Uyui, na sauti ile walikuwa wameisikia wakiwa bado wanabebwa mgongoni. Kijana akafunga kamba. Akapanda. Mzee akapaza sauti. Picha ikatetemeka, ikavunjika vipande vya mraba. Kisha ikapita.

Kijana aliweka mguu. Alifukiza moshi, akaingiza mkono shinani hadi begani, akatoa masega, akayajaza kwenye ndoo ya mbao na kuiteremsha kwa kamba. Halafu akaanza kushuka. Kushuka kulikuwa kwa polepole mno. Kamba ilikuwa ikilegezwa, ikishushwa, ikikazwa, hatua baada ya hatua, na mwili wake mzima ulikuwa umelala juu ya kamba ile kwa utulivu. Alipogusa ardhi banda zima lilipiga makelele kama timu yetu imefunga bao. Watu walipongezana kwa kupigana mabegani. Kwenye kioo yule mzee alimkung'uta kijana nyuki waliobaki kwenye kola, akampa kipande cha sega kwanza, kabla ya yeye mwenyewe kuonja.

Babu alikuwa amevua kofia. Alikaa nayo magotini muda mrefu, wala Sele hakubadilisha DVD. Hatimaye akasema, si kwa mtu fulani, "Kulwa hakuwa na kamba kama hiyo. Laiti ningeijua." Shangazi Doto aliinama akaweka paji la uso wake kwenye bega la baba yake, mbele ya watu wote, na nikamsikia akimjibu, "Hukuijua, baba. Hakuna aliyeijua."

Tangu siku hiyo nyumba yetu iligeuka karakana. Sele alitupatia deki yake ya akiba, na tulimrudia yule kijana mara nyingi, Babu akisimamisha picha kwa rimoti kama amezaliwa nayo, akichora fundo kwa mkaa sakafuni. Shangazi alimshonea kamba pana ya kitambaa cha turubai kilichoshonwa mara tatu, na tuliijaribu kwenye nguzo ya baraza, mimi nikiwa wa kupanda kwa sababu ndimi niliyekuwa mwepesi. Nakumbuka nilivyojilaza nyuma, nikaachia mikono, na kamba ikanishika. Babu alisema, "Mke wangu, sasa nina amani."

Likizo ilipofika tulipanda treni sote watatu hadi Usinge. Babu alimfundisha baba yangu fundo lile, kisha vijana wa majirani, kisha yeyote aliyetaka. Na asubuhi moja alituongoza msituni, Shangazi nyuma yake, mpaka kwenye myombo mmoja mkubwa ambao sikuhitaji kuambiwa ni upi. Walisimama pale wawili, wakamzungumzia Kulwa kwa Kinyamwezi, kwanza kwa machozi, halafu kwa vicheko. Nilijua siku hiyo kwamba Kulwa alikuwa mwongo wa kupendeza, na kwamba aliimba vibaya kanisani. Baba akapanda, akashuka. Asali ya nyuki waliohamia kwenye pango la mti ule ilikuwa nyeusi, yenye ukali wa moshi, na Babu alinipa mimi kipande cha kwanza.

Babu alifariki akiwa mzee sana, kitandani pake. Vijana wa Usinge bado wanapanda kwa kamba ile, nao hawajui imetoka theluji ya wapi. Mimi naishi Dodoma sasa, nina simu yenye filamu nyingi kuliko pazia zima la Shangazi, na nimeitafuta ile moja kwa kila neno ninalolijua. Haipo, au ipo na jina lake silijui. Shangazi hilo halimsumbui. Nilipompigia juzi aliniambia amepata boksi jipya, la nchi ambayo maandishi yake yanafanana na nyayo za kuku, na kwamba nije haraka. Wanangu hutazama filamu wakiwa wamelala, kidole tayari kwenye kioo, na ikigoma kidogo tu wanaruka kwenda nyingine, kwa kuwa nyingine haziishi. Siwalaumu, nami nafanya hivyohivyo. Lakini sijaona tena mtu akikaa mbele ya picha iliyoganda, siku baada ya siku, akisahau hata kula, ili mtu asiyemjua kabisa ashuke salama.