Sahihi Saba Nilizozifumbia Macho

Kosa ni langu, na kwa miaka miwili nimemwachia mtu mwingine alibebe. Nalisema hapa kwa sababu sura yangu hamuioni.

Naishi ughaibuni, mtaa wa Merrylands, nauza friji na mashine za kufulia za mitumba. Kila bei ninayotajiwa naichukua kama mwanzo wa mazungumzo, na kila kitu nahesabu mara mbili. Likumbukeni hilo la mara mbili.

Mjane wa rafiki yangu, nimwite Mama Imani, ni nesi wa wazee. Alichoka kuona kina mama wa maghala ya Smithfield wakienda kazini kwa miguu alfajiri, kwa sababu basi la kwanza linafika shifti imeshaanza. Barua zake hazikujibiwa, akaamua kugombea ubunge wa jimbo letu, bila chama. Asiye na chama alitakiwa kupeleka fomu yenye sahihi za wapiga kura ishirini na tano walioandikishwa jimboni, kabla ya saa sita mchana siku ya mwisho.

"Shemeji, wewe unajua watu," akaniambia. "Nitafutie hizo sahihi."

Nikaipeleka fomu kanisani, wakati wa chai baada ya ibada. Mnajua tulivyo. Karatasi ikipita hakuna anayekataa, na hakuna anayejiandikia peke yake. Mama mmoja akajaza jina lake, akaendelea. "Ngoja nimwekee na baba watoto, yuko kazini. Na mwanangu Brian. Na mke wa Brian."

"Wanajua?"

"Kwani watakataa? Wacha maswali, nipe nafasi niandike."

Nikacheka, nikamwacha. Wengine wawili wakafanya vivyo hivyo. Fomu ilisema wazi kila mtu atie sahihi mwenyewe. Niliisoma. Nikajiambia hiyo ni bei ya kwanza tu.

Mama Imani akaniuliza kama nimehakikisha. "Mara mbili," nikamjibu. Zilikuwa ishirini na nane. Kuhesabu, kweli nilihesabu.

Siku ya mwisho nilimchelewesha nikibishania bei ya friji huko Cabramatta. Tulifika ofisi ya uchaguzi saa tano na robo. Ofisa, mama mmoja mpole mwenye miwani, alipitisha kidole kwenye majina, kikasimama.

"Hizi nne ni mwandiko mmoja. Kila mtu alitia sahihi mwenyewe?"

Mama Imani akanigeukia. "Shemeji, walitia wenyewe?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nikaitazama fomu. Akanielewa. Akaniambia nimwonyeshe zote, akazikata moja moja kwa mkono wake. Saba. Zikabaki ishirini na moja.

Tukaanza kupiga simu. Watu walikuwa kazini, simu zao zimefungiwa makabatini. Waliofika ni wawili, mmoja bado na aproni. Saa sita kasoro dakika tatu nikamsogelea ofisa, nikaanza biashara yangu. "Dada, tupe nusu saa. Basi hata robo."

"Bwana," akasema taratibu, "hapa hatuuzi kitu."

Kwenye gari Mama Imani hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Jumapili akasimama mbele ya kanisa, akasema karatasi zake zilikuwa na kasoro, wamsamehe. Hakunitaja. Mimi nilikuwa mstari wa tatu, natazama viatu vyangu. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Anataka bunge, na fomu tu imemshinda." Nje, mzee mmoja akanishika mkono. "Pole, najua ulijitahidi."

Nikamwambia asante.

Hiyo asante inanikera kuliko zile saba.

Tangu siku hiyo Mama Imani hajagombea kitu, hata kwenye kamati ya kina mama alijitoa. Basi bado linachelewa. Mabango yake ya kampeni, yenye picha yake, yako gerejini kwangu, nimeyageuza uso ukutani, kwa sababu kila nikiingia kuchukua friji alikuwa ananitazama akitabasamu.

Wewe utakayeaminiwa fomu ya mtu, usimwachie yeyote amwandikie mwenzake, hata kama ni mume wake wa ndoa. Nenda mlango kwa mlango. Na ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajasimama kukuombea msamaha bila kukutaja.

Nimemwomba mchungaji dakika tano za matangazo Jumapili hii. Amenipa mbili. Kwa mara ya kwanza sikuomba aongeze.