Mchinjaji wa Makutano Aliyeikimbia Sauti ya Upole

Jua halijachomoza, na Rahim Murithi anamsogelea fahali mwekundu katika machinjio yaliyo nje kidogo ya Makutano, mjini Meru. Kisu amekificha mgongoni. Anampapasa shingo na kumsemesha kwa sauti ya chini, "Tulia, tulia tu," hadi masikio ya mnyama yanalegea.

Kisha anasita. Jicho lake la kushoto limejaa machozi tena. Anamkabidhi mwenzake Shukri kisu na kurudi nyuma, akijifuta kwa bega.

Rahim, 46, hajafiwa, ingawa watani wa sokoni hawakubali. "Wananiuliza kama huyo ng'ombe alikuwa ndugu yangu," asema. Njia inayopitisha machozi kutoka jichoni hadi puani imeziba kwa zaidi ya mwaka sasa, na akibonyeza kona ya jicho, usaha hutoka. Wateja wa bucha yake wakiona hivyo huenda kwingine. Zamani nyama ya ng'ombe mzima iliisha kabla ya adhuhuri. Siku hizi nusu hulala kwenye ndoano.

Mwezi uliopita alikwenda kufanyiwa upasuaji katika hospitali moja mjini Embu. Daktari angepitisha kamera nyembamba puani na kutoboa mfupa mdogo ili machozi yapate njia mpya. Kwa sababu Rahim ana pumu, waliamua kutomlaza usingizi mzito. Angechomwa ganzi puani na kando ya jicho, kisha apewe dawa ya kumtuliza kupitia mshipa. Angesinzia, lakini akiitwa angeitika.

"Hapo ndio niliogopa," asema. "Niskie wakigonga mfupa wangu, na mimi niko hapo tu."

Hata hivyo alipanda kitandani. Vyuma vilikuwa vimefunikwa kwa kitambaa cha kijani. Jedidah Kivuti, mtaalamu wa ganzi na usingizi, akamshika bega. "Tulia, mzee. Tulia tu, hutaskia kitu."

Rahim akashuka, akatoka mbio.

Mkewe, Latifah, alimkuta langoni bila viatu, gauni la hospitali bado mwilini. "Nikadhani ameambiwa atakufa."

Hakuna aliyemwambia hivyo. "Hiyo sauti ni yangu," Rahim aeleza. "Kila asubuhi naitumia. Kisu kimefichwa, mtu anakupapasa, anakwambia utulie. Mimi najua kinachofuata."

Ni rahisi kucheka ukiwa mbali. Mwandishi huyu, aliyesimama karibu na fahali yule, hakucheka.

Tangu siku hiyo mambo yameharibika. Wiki jana uvimbe ulifunga jicho lote, kisu kikateleza na kumkata kidole. Daktari amemwonya kwamba usaha ukienea nyuma ya jicho, anaweza kulipoteza kabisa. Amepewa nafasi nyingine Alhamisi hii.

Kwa simu, Jedidah asema amewahi kuona wagonjwa wakitoroka, ila kabla ya Rahim hakuna aliyewahi kumwambia ana sauti ya mchinjaji. "Sisi tunafunika vyuma ndio mtu asiogope. Kumbe kwa huyu ndio tunamtisha."

Alimwuliza Rahim anataka nini. Rahim akaomba kitambaa kiondolewe, aonyeshwe kila chombo kabla hakijamgusa, na asemeshwe kwa sauti ya kawaida, ile ya kuulizana bei. Jedidah amekubali.

Hofu haijaondoka. Latifah asema mumewe hali chakula vizuri, na akisikia mtu akinoa kisu hutoka nje. Lakini ameshamwachia Shukri funguo za bucha kwa ajili ya Alhamisi. Akipona, anataka kusimama mbele ya wateja uso ukiwa mkavu, na kukishika tena kisu chake mwenyewe.

"Mnyama simwonyeshi kisu, kwa sababu harudi nyumbani," asema, akilifuta jicho. "Wakinionyesha, nitajua narudi."