Chupa ya Watu Kumi

Pale kliniki ya chanjo za wasafiri walimwita Mkono wa Birika, na mwenyewe alicheka, maana jina lilikuwa lake kwa haki. Miaka kumi na tisa ya uuguzi hakuwahi kupoteza dawa ovyo. Chanjo ya surua huja ya unga, chupa moja watu kumi. Ikishachanganywa na maji yake ina saa sita tu, kinachobaki ni cha kutupwa. Basi hafungui mpaka foleni iwe na watu wa kutosha. Ukija peke yako alasiri, unaambiwa urudi asubuhi.

Siku hiyo aliyekuja alasiri alikuwa mkwewe, fundi wa lifti, anayepelekwa ng'ambo wiki tatu kujifunza mitambo mipya.

"Shikamoo mama. Nimekuja kuchomwa."

"Marahaba, baba. Mmoja tu? Njoo kesho mapema, nisiharibu chupa nzima. Au unataka waseme nampendelea mkwe?"

Wakacheka. Kesho yake fundi alishinda akihangaikia karatasi za safari, jioni akapanda ndege. Mama mkwe hata hakukumbuka kuuliza.

Fundi alirudi na nguo mpya za mtoto, kikohozi na macho mekundu. Alimpakata mwanawe kwa siku tatu kabla yeye mwenyewe hajatokwa na vipele vya surua usoni. Mtoto alikuwa na miezi sita. Chanjo yake ilikuwa ya miezi tisa. Bibi, aliyeyajua hayo yote kwa moyo, alikaa kando ya kitanda cha hospitali akihesabu pumzi za mjukuu zikienda mbio, mpaka alfajiri moja zikakatika.

Wenzake walimwambia ni kazi ya Mungu. Alitamani kuwazaba vibao. Kazi ya Mungu gani, na sindano alikuwa nayo yeye?

Wiki moja baada ya maziko, binti yake alikuja kliniki. Alisimama mlangoni, blauzi imelowa maziwa yasiyo na wa kuyanyonya.

"Mama, mume wangu hali, halali. Anasema angerudi ile kesho yake, mtoto angekuwa hai. Nami nimemwambia ni kweli, yeye ndiye aliyemuua."

 Mama angeweza kunyamaza, na lawama ikabaki ilipo.

"Asingechomwa, mwanangu," alisema. "Asubuhi ile walikuja wawili tu. Niliwarudisha."